Kwako Mheshimiwa Mwenye Swichi

Mheshimiwa Mark Zuckerberg,
Mwanzilishi, Mwenyekiti na Mtendaji Mkuu wa Meta,
Menlo Park, California,
Marekani.

YAH: OMBI LA KUGEUZIWA SWICHI CHACHE KWA AJILI YA WATOTO WETU

Shikamoo.

Umezaliwa mwaka 1984, wakati mimi nimekwisha kushika chaki, na kwa desturi ya huku wewe ndiye ungeniamkia nami nikaitikia marahaba. Lakini mwenye nguvu mpishe. Mtu ambaye programu zake hufunguliwa kila siku na watu zaidi ya bilioni tatu huamkiwa hata na waliomtangulia kuzaliwa. Basi ipokee.

Mimi huku Tanga ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Uniwie radhi kwa salamu ya barua za zamani. Ndiyo niliyofundishwa, na ndiyo niliyowafundisha mabinti wa sekondari ya bweni hadi nilipostaafu. Ama baada ya salamu, nina machache ya kukuomba. Nitajitahidi nisikupotezee muda, kwa kuwa muda wa watu ndiyo biashara yako na thamani yake waijua kuliko mimi.

Kwanza nikupongeze. Tarehe 17 Septemba 2024 kampuni yako ilitangaza akaunti maalumu za vijana kwenye Instagram. Nililisoma tangazo lile kama nilivyokuwa nikisoma insha za wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi. Kijana aliye chini ya miaka 18 akijiunga, akaunti yake inaanza ikiwa imefungwa kwa wageni. Meseji haziingii ila kutoka kwa watu anaowafuata au waliokwisha kuunganishwa naye. Kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi arifa zinanyamaza. Zikitimia dakika 60 kwa siku, anakumbushwa kwamba sasa yatosha. Na aliye chini ya miaka 16, akitaka kulegeza lolote kati ya hayo, amwombe kwanza mzazi. Nilitia alama ya vyema karibu kila mstari. Mngekuwa darasani kwangu mngepata alama nzuri sana, pungufu kidogo kwa kuchelewa kukusanya.

Neno hilo la kuchelewa nalifuta. Instagram uliinunua mwaka 2012, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa darasa la sita tangazo lilipotoka, lakini huku kwetu mgeni rasmi akifika saa nane kwenye sherehe ya saa nne huwa amefika kwa wakati, na bendi hupiga. Tena mlianza na Marekani, Uingereza, Kanada na Australia, sisi wengine tukapangiwa foleni ya kuanzia Januari 2025, nasi foleni tumeizoea. Ninachotaka kukionyesha ni kitu kingine. Karibu kila jambo lililotangazwa siku ile ni swichi. Kufunga akaunti kwa wageni hakukuvumbuliwa 2024. Swichi hiyo ilikuwepo miaka nenda miaka rudi, ila mtoto aliikuta imeelekezwa upande wa wazi. Kilichobadilika ni swichi inavyokutwa.

Na swichi inavyokutwa, Mheshimiwa, ndivyo inavyobaki. Simu yangu mimi inalia mlio ule ule iliyotoka nao dukani. Ninyi mnalijua hili kuliko mtu yeyote duniani, ndiyo maana wahandisi wenu hulipwa vizuri wakae na kufikiri kitu gani kiwe kimewashwa kabla mteja hajafika.

Nakumbuka mwaka 2021. Uingereza walikuwa wametunga kanuni za kusanifu huduma za mtandaoni kwa kuzingatia umri wa mtoto, zikaanza Septemba 2020, na kampuni zikapewa mwaka mmoja wa kujipanga. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba faragha ya mtoto ianze ikiwa juu, na asibembelezwe kwa hila aishushe. Mwaka wa kujipanga ulipokaribia ukingoni, upendo ukatuzidi. Julai 2021 Instagram ikaanza kuwafungulia walio chini ya miaka 16 akaunti za faragha. Agosti YouTube ikatangaza kuwazimia walio chini ya miaka 18 zile video zinazofuatana zenyewe, na TikTok ikatangaza kunyamaza kuanzia saa tatu usiku kwa wenye miaka 13 hadi 15. Ndani ya wiki chache kampuni tatu kubwa ziligundua, kila moja kwa hiari yake, kwamba watoto hulala.

Sikusudii kukejeli. Nakusudia kusema kwamba kazi hii mnaiweza, na kumbe hufanyika upesi.

Sasa niruhusu nikueleze hili la ruhusa ya mzazi linavyofika huku kwetu, maana huenda wasaidizi wako hawajapata nafasi ya kukueleza. Nina jirani anayeuza vitenge. Siku moja nimekaa dukani kwake, simu yake ikalia. Akaitazama, akainua miwani, akamwita bintiye wa kidato cha pili aliyekuwa likizo. "Hebu niangalizie hii, inataka nini tena?" Binti akaichukua, kidole kikapita mara tatu: kubali, kubali, endelea. Macho yake hayakuwa hata kwenye skrini. Alikuwa anamwangalia mteja anayechagua kanga. "Tayari, mama." "Ahsante mwanangu."

Huyo ndiye mzazi anayeombwa ruhusa, na yule aliyebonyeza ndiye mtoto anayelindwa. Akaunti ya mama aliifungua binti. Nywila anaikumbuka binti. Tarehe ya kuzaliwa ya mama aliijaza binti, na siku atakapofungua akaunti yake mwenyewe atajijazia umri anaoupenda. Katika nyumba nyingi za huku fundi wa simu ndiye mtoto wa nyumba. Halafu simu yenyewe ni moja: asubuhi ya mama, mchana ya kaka, usiku ya dada, na kila mmoja akiingia anamtoa mwenzake au anapitia mlango huo huo wa mama. Hizo dakika 60 za nani? Simlaumu aliyebuni utaratibu huu. Alibuni kwa ajili ya nyumba yenye mzazi mwenye akaunti yake, simu yake na jioni tulivu ya kukaa kitako akapitia mipangilio. Nyumba hiyo ipo. Nimewahi kualikwa chai humo.

Hivyo ulinzi unaosubiri mzazi agundue kitufe, kwa wengi wetu, ni ulinzi ambao haupo. Ule unaotufaa ni uliokwisha kuwekwa kabla hatujaishika simu, tena kwa kila mtu ambaye mwenendo wake unaonyesha ni mtoto, hata kama amejiandikia miaka 25. Mitambo yenu humtambua mtu anayetaka kununua viatu kabla mwenyewe hajajua kwamba anavitaka. Nimejiruhusu kudhani kwamba inaweza pia kumtambua mtoto wa kidato cha pili.

Niliwahi kuwa mlezi wa bweni. Simu zilikuwa marufuku shuleni, kwa hiyo zilikuwepo. Zilikaa ndani ya maboflo yaliyotobolewa, ndani ya mikebe ya maziwa ya unga, chini ya pedi kwenye sanduku ambako walijua mwalimu wa kiume hafiki. Usiku ukifungua mlango polepole unaona chandarua kimoja kina mwanga wa buluu, unapanda, unashuka, unapanda. Mwanga wa mtu anayesoma kitu hutulia. Ule unaopandashuka ni wa mtu anayesukuma kwa kidole gumba bila kufika popote.

Barazani kwetu kuna muuza kahawa. Vikombe vyake vidogo, na kila ukimaliza unakiona kitako, hapo unaamua mwenyewe: niongeze, au niende nikalale. Saa tatu birika limekwisha, naye hufunga mkaa wake. Mwaka 2006 mhandisi mmoja Mmarekani, Aza Raskin, alibuni namna ya ukurasa kujiongeza wenyewe kila unapofika chini, na miaka baadaye akasema hadharani kwamba anajuta. Kikombe kikawa hakina kitako. Binti wa chini ya chandarua hakuwahi kuamua kukesha. Hakuwahi kufikishwa mahali pa kuamua. Ombi langu hapa ni dogo hata naona haya kulitaja: mrudishieni kitako. Ukurasa uishe. Ukiisha useme umeisha, na akitaka zaidi abonyeze kwa hiari yake. Hilo la kumkumbusha baada ya dakika 60 ni jema, ila kikumbusho chenyewe hufutwa kwa kidole kile kile kilichokuwa kinasukuma.

Kuna usiku nilikuta binti mmoja hasukumi chochote, anajitazama. Alikuwa na picha mbili za uso wake, moja kama alivyo, nyingine imepitishwa kwenye filta: pua imechongwa, midomo imevimbishwa, ngozi imepaushwa kidogo sana, kiasi ambacho ungesema ni taa tu. Simu sikumnyang'anya papo hapo. Akaniuliza, "Mwalimu, kati ya hizi ipi ni mimi vizuri?" Ile haikuwa programu yako, sikuuliza ni ya nani, na filta siku hizi ziko kila mahali. Nakutajia kwa sababu ya nyaraka za kesi zilizofunguliwa Marekani mwaka 2023. Nyaraka hizo zadai kwamba baadhi ya wasaidizi wako walishauri filta zinazoiga upasuaji wa urembo ziendelee kuzuiwa, nawe ukaamua vinginevyo, ukisema watu wanazitaka na hakuna takwimu za kuonyesha madhara. Nayaheshimu maamuzi ya wakubwa. Ila huku takwimu huchelewa. Kabla yake hutangulia binti mmoja anauliza swali.

Na takwimu nazo, zikifika, hupokewa kwa adabu na kuwekwa kabatini. Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha karatasi za ndani ya kampuni yako zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wako. Katika slaidi ya mwaka 2019 watafiti wenu wenyewe walikuwa wameandika kwamba Instagram inazidisha dukuduku la mwonekano wa mwili kwa binti mmoja kati ya watatu. Kampuni ikafafanua kuwa hesabu ile iliwahusu wale waliokwisha kusema wana dukuduku hilo, si mabinti wote. Ufafanuzi huo naupokea kwa mikono miwili. Yaani walioongezewa ni wale waliokuwa tayari wanaumwa.

Nitakuwa mkosefu wa haki nisiposema kwamba wanasayansi hawajakubaliana. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walipitia takwimu za vijana wengi mno na kuona uhusiano kati ya vifaa hivi na hali ya moyo ya vijana upo, lakini ni mdogo sana. Desemba 2023 jopo la Taasisi za Kitaifa za Sayansi za Marekani likasema ushahidi uliopo hautoshi kutamka kwamba mitandao ndiyo iliyobadilisha afya ya vijana kwa ujumla wao. Mei mwaka huo huo Mkuu wa Afya ya Umma wa Marekani, Vivek Murthy, alikuwa ametoa tahadhari akisema hatuwezi pia kudai kwamba ni salama. Mkiwaleta hawa wote Tanga watabishana mpaka kahawa iishe. Nanyi mna ushahidi wenu: mwaka 2019 mlianza kujaribu kuficha idadi ya laiki katika nchi kadhaa, na karatasi zilizovuja zikaonyesha kwamba hali ya moyo ya vijana haikusogea kwa maana yoyote. Mwaka 2021 mkawapa watu wote swichi ya kuficha wakitaka. Naamini matokeo yale, na nadhani yanatufundisha kitu: kitufe cha laiki mnacho tangu Februari 2009, na kuficha namba tu wakati kila kitu kingine kinaendelea kumvuta mtoto ni kama hakuna kilichoguswa.

Wala sina ugomvi na uwepo wenu. Mabinti wangu wa kidato cha nne walikuwa na kundi la WhatsApp la kutumiana mitihani ya nyuma, na mmoja aliyehamishiwa wilaya nyingine kwa sababu za kifamilia alibaki darasani kwetu kwa njia hiyo. Binti mwenye ualbino, aliyekuwa peke yake shule nzima, alipata mtandaoni wenzake wa mikoa mingine wa kuongea nao mambo ambayo mimi na shahada yangu sikuyajua. Nasema hivi ili usije ukadhani nataka mfungwe. Australia wamewapiga marufuku walio chini ya miaka 16 tangu Desemba 2025. Mimi sijafika huko. Nikiwaza yule binti mwenye ualbino, nasita.

Kuna barua nyingine uliyoandikiwa kabla ya hii, nayo ndiyo inayonifanya nisitarajie makubwa. Arturo Béjar alikuwa mhandisi wako wa ngazi ya juu, akaondoka, akarudi kama mshauri. Alipoona bintiye wa miaka 14 anatongozwa na watu asiowajua, alifanya alichokijua: akauliza. Uchunguzi aliosaidia kuufanya ndani ya kampuni ulionyesha kwamba kati ya watumiaji wa miaka 13 hadi 15, karibu mmoja katika kila wanane alisema amefuatwa na mtu kwa maneno ya kingono asiyoyataka, ndani ya siku saba tu zilizopita. Tarehe 5 Oktoba 2021, siku ile ile Haugen alipokuwa mbele ya maseneta, Béjar alikuandikia baruapepe. Novemba 2023 yeye mwenyewe alisimama mbele ya maseneta, akasema hukumjibu. Kwa hiyo nisipojibiwa sitanung'unika. Mtu aliyekuwa na anwani yako, anayeijua nyumba yenu kutoka jikoni, alikosa jibu. Mimi nimetumia gazeti.

Lakini wazo lake nalipenda sana, na ndilo kiini cha ombi langu la pili: mtoto aulizwe. Siyo auzwe, aulizwe. Leo mnapima muda aliokaa, alichobonyeza, alichorudia kukitazama. Ongezeni swali moja fupi la mara kwa mara: wiki hii kuna aliyekusumbua humu? Umetoka humu ukiwa na hali gani? Kisha majibu yatangazwe kila robo mwaka, siku ile ile mnapotangaza faida, kwenye karatasi ile ile. Wenye hisa wakishaiona namba hiyo inapanda na kushuka mbele ya macho yao, naamini wahandisi watajua la kufanya bila mimi kuwafundisha.

Naogopa kulitaja linalofuata, lakini barua ya aina hii haiwezi kulikwepa. Novemba 2017 huko London alifariki binti wa miaka 14, Molly Russell. Msimamizi wa uchunguzi wa vifo, Andrew Walker, alimaliza kazi yake Septemba 2022 akiandika kwamba Molly alikufa kwa kujidhuru huku akiugua sonona na kuathiriwa na maudhui ya mtandaoni. Uchunguzi ulisikia kwamba katika miezi yake sita ya mwisho, kati ya posti 16,300 alizohifadhi, kuzipenda au kuzishiriki, 2,100 zilihusu kujiua, kujidhuru au sonona. Pinterest ilikuwa ikimtumia baruapepe za kumpendekezea picha za huzuni zaidi. Mwakilishi wa Pinterest alikiri mbele ya uchunguzi kwamba huduma yao wakati ule haikuwa salama. Mwakilishi wako naye aliomba radhi kwa baadhi ya posti, na akaeleza kwamba ni salama watu kupata mahali pa kutolea hisia zao.

Nimeifikiria kauli hiyo mara nyingi, kwa heshima zote. Mtu kutoa hisia zake ni jambo moja. Mtambo kuzichukua hisia za watu wengine elfu moja na kumpelekea mtoto mmoja aliyeonekana kuzisogelea, usiku, bila kuombwa, ni jambo jingine, na jambo hilo la pili lina mwenye kulisanifu. Mlezi wa bweni akimwona mtoto ananyong'onyea hamletei wanaonyong'onyea wengine 20 wamzunguke kitandani.

Sasa mtasema, na mnasema, kwamba mnao watu wanaochuja mabaya. Mnao, tena baadhi yao walikuwa karibu nasi. Februari 2022 jarida la TIME lilieleza habari za vijana waliokuwa Nairobi chini ya kampuni ya kandarasi, Sama, wakitazama kwa niaba yenu vitu ambavyo hapa sivitaji, katika lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Baadhi walikuwa wakipata kama dola moja na nusu kwa saa. Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini, alifukuzwa kazi baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki, akaishtaki kampuni yako na Sama mwaka 2022. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Mawakili wako walisema kwa upole kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya kampuni ya Marekani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema, kwa upole vilevile, kwamba zinayo. Desemba mwaka huo zikatoka taarifa za kitabibu zilizowasilishwa kortini: kati ya wafanyakazi 144 waliopimwa, asilimia 81 walikuwa na msongo mkali utokanao na mambo waliyoyaona.

Hao nao ni vijana, Mheshimiwa. Wengi ni wahitimu waliotoka vyuoni wakiwa na ndoto na vyeti. Tunapozungumzia mitandao inayojenga afya ya akili ya vijana, sijui kwa nini huwa tunamhesabu anayetazama na kumsahau anayefuta. Kila posti ambayo mtambo haukuisukuma ni posti moja ambayo kijana wa Nairobi hakulazimika kuitazama hadi mwisho ili aamue kama imevunja kanuni. Ukiurekebisha mtambo umewasaidia wote wawili kwa mkono mmoja, na bado unabaki na deni la mshahara na matibabu, ambalo hilo nawaachia mahakimu.

Kuna jambo moja ambalo halina ubishi wa wanasayansi wala wa mawakili. Tanzania, Kenya na Uganda zina namba ya simu ya msaada kwa watoto, na namba ni ile ile: 116. Mtoto akiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa Kiswahili, kwamba amechoka na maisha, namba hiyo ndiyo iwe kitu cha kwanza anachokiona, kwa maandishi makubwa, akibonyeza inapiga. Lakini mtambo wenu ujue kwamba mtoto wa huku haandiki "nina sonona." Huandika "nimechoka," "bora nisingezaliwa," "natamani nilale nisiamke," na wa Nairobi atachanganya na Sheng. Waajirini watu wanaojua vijana wa huku wanavyosema, walipwe kama wanavyolipwa wa Menlo Park, na wawe na daktari wao.

Naona nimekwisha kuwa mrefu, kama ilivyo kawaida ya wastaafu.

Tarehe 31 Januari 2024, mbele ya maseneta, ulisimama, ukageuka, ukawatazama wazazi walioshika picha za watoto wao, ukawaambia unasikitika kwa yaliyowapata. Wengi walisema ulilazimishwa na seneta. Mimi sikuwa mkali kiasi hicho. Mtu akishasimama na kugeuka, amesimama na kugeuka. Ila kilichonigusa zaidi ni kitu cha miezi michache kabla ya hapo. Julai 2023, siku ya uhuru wa nchi yenu, uliweka picha ya familia yako kwenye Instagram, na nyuso za mabinti zako wawili wakubwa ukazifunika kwa vikatuni vya kutabasamu. Watu walikucheka. Mimi nilikuelewa kabisa. Hukuwasubiri wakue, wajifunze mipangilio, watafute kitufe, waombe ruhusa. Uliamua kabla, kwa niaba yao, kwa kuwa wewe ni baba yao na simu ilikuwa mkononi mwako.

Ninaloomba kwa niaba ya watoto wa watu ni hilo hilo: waikute swichi imekwisha kugeuzwa. Akaunti zao zianze zimefungwa, usiku unyamaze, ukurasa uwe na mwisho, mtambo usiwasukumie huzuni wasiyoiomba, waulizwe walivyo na majibu yachapishwe. Kwa nchi zote siku moja, bila foleni. Kama kuna lolote humo linalozidi uwezo wa kampuni yako kiufundi, naomba nijulishwe, nami nitaomba radhi kwa barua nyingine ya wazi.

Nakutakia afya njema wewe, mkeo na mabinti.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Tanga.

Nakala kwa taarifa:
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Dodoma.
Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Nairobi.